Jaribio la ukungu limegoma: soma dalili, tafuta chanzo

Jaribio la ukungu kwenye mkate linapendwa na wanafunzi kwa sababu halina gharama. Slesi chache, chupa za jamu, nafasi kabatini na friji ya jirani, basi umepata kazi ya kupeleka kwenye maonyesho ya sayansi, yawe ya shuleni au makubwa kama Young Scientists Tanzania na Kenya Science and Engineering Fair. Tatizo huja kazi ikiwa katikati. Wiki imekwisha na mkate bado mweupe. Au slesi zote zimeota kwa pamoja, hakuna cha kulinganisha. Au ile iliyotarajiwa ibaki safi ndiyo imeongoza kwa kuota manyoya.

Hapa tunaanza na dalili unayoiona, kisha tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Nikiri mapema kwamba mshukiwa wangu wa kwanza ni yuleyule kila mara: maji. Ukungu unahitaji chakula, spora (chembe ndogo mno unazozaliana nazo), joto la wastani na maji. Mkate wenyewe ni chakula. Spora zinaelea hewani karibu kila mahali watu wanapoishi. Joto la nyumba zetu nyingi linaufaa. Kinachobadilika kimyakimya, bila mwanafunzi kuandika chochote daftarini, ni maji. Majaribio mengi yanayodai kupima mwanga, joto au ndimu yamepima tu ukavu wa mkate.

Kabla ya kugusa dalili yoyote, fanya vipimo viwili vya haraka, vyote chupa ikiwa imefungwa. Cha kwanza ni kutikisa. Inua chupa uisukesuke polepole: slesi iliyokauka hugonga kioo kwa mlio wa biskuti, slesi yenye unyevu hujiburuta bila sauti. Cha pili ni mizani, hata ile ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Ulipaswa kupima chupa na slesi yake siku ya kwanza na kuandika uzito kwenye kifuniko. Kama hukupima, pima leo na uendelee kila siku. Mkate mbichi una maji kama asilimia 35 hadi 40 ya uzito wake, kwa hiyo slesi ya gramu 30 imebeba zaidi ya gramu 10 za maji. Chupa ikipungua gramu 6 au 7, huhitaji mwalimu akueleze kilichotoweka.

Chupa isifunguliwe hata kwa sekunde moja baada ya ukungu kuonekana. Spora zikipeperuka huwasumbua wenye pumu na mzio, na kunusa ni kuzivuta moja kwa moja kifuani. Kila kitu kwenye mwongozo huu kinaweza kuchunguzwa kupitia kioo. Maelekezo mengi ya kigeni hutaja mifuko ya plastiki ya kufunga kwa zipu, ambayo si rahisi kuipata kila mahali, hasa baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017 na Tanzania kufuata Juni 2019. Hujapoteza kitu. Chupa ya jamu huchemshwa ikawa safi, haigusani na ukungu kama mfuko unavyogandamana nao, na mizani inaipenda.

Wiki imepita, mkate bado mweupe

Tikisa. Ukisikia mlio, kazi imekwisha: mkate ulikauka kabla spora hazijapata nafasi ya kuchipua. Hii hutokea zaidi kwa wale waliotoboa kifuniko ili "ukungu upate hewa". Hewa iliyomo ndani ya chupa inatosha kwa siku nyingi. Kama unaogopa, toboa tundu dogo moja uzibe kwa pamba, lakini kifuniko chenye matundu kama chujio ni mashine ya kukaushia mkate. Anza upya na slesi mpya, kila moja uitilie mililita moja ya maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiyasambaza tone kwa tone. Muhimu ni kipimo kiwe sawa kwa slesi zote. Kijiko cha kukadiria kwa jicho hakifai.

Kama slesi bado ni laini na haina hata doa, soma karatasi ya mkate. Mikate mingi ya viwandani huwekwa kalsiamu propioneti, wakati mwingine imeandikwa E282 tu, au potasiamu sorbeti, E202. Propioneti huzuia ukungu huku hamira ikiendelea na kazi yake karibu bila kusumbuliwa, ndiyo maana waokaji wanaipenda. Mkate wa namna hiyo unaweza kukaa siku nyingi sana ukiwa laini na mweupe, na hakuna utakachofanya kuuharakisha. Tafuta boflo la tanuri la mtaani lililotoka asubuhi hiyo, au mkate wa kumimina, au chapati za nyumbani. Mimi ningeweka vyote viwili, wa kiwandani na wa tanuri, kisha hilo ndilo liwe swali la jaribio. Lina maana zaidi kwa mnunuzi wa mkate kuliko maswali mengi ninayoyaona kwenye mabango.

Chanzo cha tatu huwashangaza wanafunzi waangalifu. Joto la tanuri huua spora za ukungu zilizokuwa kwenye unga, kwa hiyo ukungu wa mkate hufika baadaye, kwa kisu, kwa mikono na kwa hewa ya mahali unapopozwa. Ukitoa slesi katikati ya pakiti, ukiwa na glavu, ukaitumbukiza kwenye chupa iliyochemshwa, umefanya kazi safi kupita kiasi. Panga slesi zote wazi juu ya meza moja kwa nusu saa, kando kwa kando, ndipo uzifunge. Zote zitakuwa zimepokea vumbi la aina moja.

Mwisho kuna baridi. Anayefanya jaribio Tanga, Mombasa au Unguja ataona nyuzi nyeupe ndani ya siku chache. Anayefanya Njombe, Lushoto au Limuru mwezi Julai anapaswa kujipa wiki mbili, kwa sababu ukungu mwingi wa mkate hustawi kati ya nyuzi joto 20 na 30 hivi, na chini ya hapo hujikokota. Juu ya friji, upande wa nyuma, huwa na uvuguvugu wa kutosha. Epuka kuweka chupa chini kabisa ya bati: mchana hapo joto hupita nyuzi 40, na ukungu nao hushindwa.

Ya gizani imeota, ya dirishani haikuota

Hii ndiyo dalili inayoonekana kama ushindi. Mwanafunzi anaandika "ukungu hupenda giza na huchukia mwanga", anachora grafu mbili nzuri na kupigiwa makofi. Nakuomba utikise ile chupa ya dirishani.

Jua la dirishani huleta vitu vitatu kwa wakati mmoja. Huleta mwanga, huleta joto, na huondoa maji kwenye mkate. Ndani ya chupa ya kioo iliyopigwa jua, hewa hupanda joto upesi kuliko chumba chenyewe. Maji hutoka kwenye mkate, hupanda kama mvuke na kuganda kwa matone upande wa kioo ulio baridi. Uzito wa chupa haukubadilika, kwa hiyo mizani itakudanganya hapa, angalia matone. Yapo kwenye kioo, hayapo tena kwenye mkate. Slesi ya kabatini imebaki na maji yake yote. Umelinganisha mkate mkavu wenye joto na mkate mbichi wenye ubaridi, halafu ukampa sifa mwanga.

Ukungu si mmea. Haujitengenezei chakula kwa mwanga, na giza haliulishi chochote. Mwanga mkali wa jua, hasa mionzi ya urujuanimno, unaweza kweli kudhuru spora, lakini kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, na kwa vyovyote jaribio lako halikuweza kutenganisha athari hiyo na ile ya ukavu.

Dawa yake ni rahisi mno. Chukua chupa mbili za slesi pacha, moja ifunge kabisa kwa karatasi ya aluminiamu, nyingine iache wazi, kisha ziweke kando kwa kando mahali pasipofikiwa na jua la moja kwa moja lakini penye mwanga wa mchana. Kipimajoto kikae katikati yake. Sasa joto ni lile lile, maji ni yale yale, tofauti iliyobaki ni mwanga peke yake. Mara nyingi utaona chupa zote mbili zinaota karibu pamoja. Hayo ndiyo matokeo, hata kama hayatoi grafu ya kuvutia.

Na kama kiu yako ni kupata tofauti kubwa inayoonekana, basi pima maji yenyewe, usiyaache yakuingilie kwa mlango wa nyuma. Kuna njia ya bei ya chumvi ya mezani. Kwenye kizibo cha soda weka maji na ukoroge chumvi hadi ibaki isiyoyeyuka chini, kama uji mzito. Weka kizibo hicho ndani ya chupa pamoja na slesi, visigusane. Hewa iliyo juu ya mchanganyiko huo hujishikilia kwenye unyevu wa takriban asilimia 75, iwe mvua au kiangazi. Chupa ya pili iwe na kizibo cha maji matupu: hewa yake itakaribia asilimia 100. Chupa ya tatu iwe na vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ambavyo hufyonza unyevu. Ukungu mwingi wa mkate hautaki unyevu ulio chini ya asilimia 80, kwa hiyo chupa ya maji itatangulia, ya chumvi itachelewa sana au isiote kabisa, na ya silika itakupa biskuti.

Wakulima wa mahindi hutumia tabia hiyo hiyo ya chumvi, hata kama hawaielezi hivyo. Wanatia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, wanatikisa, kisha wanatazama. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yamezidi unyevu wa asilimia 15 hivi na hayajawa tayari kwa ghala. Yarudi juani hadi kama asilimia 13. Mwanafunzi anayeweza kuunganisha chupa yake ya mkate na chupa ya bibi yake ya mahindi ana jambo la kusema mbele ya majaji.

Ya friji imeota, ya kabatini imebaki safi

Kwanza, ya kabatini ilifunikwa? Kama hapana, ilikauka, na rudi mwanzo. Kama zote zilifunikwa sawa, chunguza friji yenyewe. Umeme ulikatika mara ngapi? Rafu za mlangoni hupata joto kila mlango unapofunguliwa, na mvuke wa sufuria ya maharage iliyoingizwa ikiwa moto huishia kwenye kila kitu. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ile ile ili upate joto la kweli, si la upepo wa mlango.

Halafu ujue kwamba friji haiui ukungu. Ukungu wa jamii ya Penicillium, ule wa kibluu-kijani, hukua hata kwenye nyuzi 4, polepole lakini bila kukata tamaa. Friza husimamisha ukuaji, ila spora hubaki hai zikisubiri. Kwa hiyo ukisema "friji inazuia ukungu" utakuwa umekosea, na ukisema "friji inachelewesha" utahitaji kutaja kwa siku ngapi.

Slesi zote zimeota sawasawa

Kuna uwezekano mkubwa kwamba ulichelewa kutazama. Slesi iliyoota siku ya tatu na iliyoota siku ya tano zinafanana kabisa siku ya kumi: zote ni sufi. Tofauti ilikuwepo ikapita. Namba yenye thamani kubwa kwenye jaribio hili ni siku ambayo doa la kwanza lilionekana, na hiyo haipatikani kwa mtu anayefungua kabati Jumatatu na Ijumaa. Tazama kila siku saa ile ile.

Sababu nyingine ni kuzidisha maji. Mkate uliolowana hadi kuvuja huipa kila spora nafasi, na tofauti ndogo ulizotaka kuzipima humezwa.

Nimeweka chumvi, ndimu, siki, karafuu, na matokeo hayana kichwa wala miguu

Hapa ndipo wanafunzi huchanganya mambo kuliko popote, maana kila kitu unachoongeza kwenye mkate huja na maji yake au huyavuta.

Ndimu ndiyo inayolalamikiwa zaidi: "Mwalimu, ya ndimu imeota kwanza!" Ni kweli kabisa. Ukitia mililita moja ya ndimu umeongeza karibu mililita moja ya maji, wakati slesi ya kulinganishia hukuitilia kitu. Kila slesi lazima ipate kiasi kile kile cha kimiminika, na ile ya kulinganishia ipate maji yaliyochemshwa yakapoa. Hata ukirekebisha hilo, usishangae ndimu ikishindwa. Ukungu huvumilia uchachu vizuri kuliko bakteria wengi. Tazama chungwa au ndimu iliyosahaulika kapuni: ile poda ya kijani iliyoifunika ni Penicillium digitatum, na maisha yake yote hula matunda machachu.

Siki ni chachu pia lakini si sawa na ndimu, kwa sababu asidi yake hupenya ndani ya seli za ukungu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo ndimu ikishindwa na siki ikafaulu, hakuna mgongano. Ila siki hutoa mvuke. Ukiwa umepanga slesi zote ndani ya chombo kimoja kikubwa, mvuke wa siki umeifikia slesi ya kulinganishia nayo ikabaki safi, ukadhani siki haikufanya kitu. Karafuu ni hivyo hivyo: eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, husafiri hewani, kama anavyojua yeyote aliyepita Pemba wakati wa kuanika. Kila slesi na chupa yake.

Usinyunyize unga wa karafuu au mdalasini moja kwa moja juu ya mkate, maana unga wowote mkavu hunywa maji ya mkate na utashindwa kujua kilichozuia ukungu ni harufu au ukavu. Chemsha karafuu, acha maji yapoe, kisha tumia mililita moja ya maji hayo kama ulivyotumia vingine.

Chumvi ya kunyunyiza kidogo haifanyi kitu cha maana. Mkate wenyewe tayari una chumvi. Ili izuie ukungu inabidi iwe nyingi kiasi cha kuyashika maji yasitumike, kama kwenye ng'onda. Sukari ina tabia mbili: kidogo ni chakula cha ziada kwa ukungu, nyingi sana huyafunga maji kama chumvi. Asali yenye maji kama asilimia 18 haioti ukungu, wakati jamu iliyofunguliwa huota utando juu. Kama slesi yako ya sukari iliota haraka, hukukosea, ulitia kidogo.

Slesi pacha, chupa sawa, matokeo mbalimbali

Ukiwa na slesi moja kwa kila hali, huna jaribio, una bahati nasibu. Spora huanguka popote. Weka angalau slesi tatu kwa kila hali, tano ni bora, zote za katikati ya mkate mmoja. Zile za mwisho zenye ganda ziliwe na chai.

Mahali ukungu ulipoanzia hueleza ulikotoka. Madoa yaliyopangana ukingoni, mkono ulipoishika slesi, yanatoka kwenye vidole. Doa moja katikati ni spora moja iliyodondoka kutoka hewani. Uso mzima ukijaa vidoto siku hiyo hiyo, laumu kisu au ubao wa kukatia. Badilisha pia nafasi za chupa kabatini kila siku, kwa sababu ile iliyo karibu na ukuta wa jikoni inaishi hali ya hewa nyingine.

Hakuna manyoya, kuna utelezi, harufu na rangi za ajabu

Utelezi ni kazi ya bakteria. Maji yalizidi, wao wakafika kwanza, maana huzaliana upesi kuliko nyuzi za ukungu zinavyorefuka. Ugali na wali huishia hapa mara nyingi kuliko mkate, kwa sababu vina maji mengi. Mkate ukilainika ndani, ukavutika kama nyuzi na ukawa na harufu tamu ya tunda lililoiva kupita kiasi (utaijua siku unafungua pakiti ya kula, si chupa ya jaribio), hao ni bakteria wa jamii ya Bacillus, ambao vijimbegu vyao hustahimili joto la tanuri. Punguza maji, badilisha mkate.

Rangi huleta ubishi. Mwanafunzi huona sufi nyeupe, keshokutwa vidoto vyeusi, anaandika "aina mbili za ukungu". Huenda ni mmoja. Rhizopus stolonifer huanza kwa nyuzi nyeupe, kisha hubeba vichwa vyeusi vilivyojaa spora. Penicillium nayo huanza nyeupe, ikawa kibluu-kijani katikati huku ukingo ukibaki mweupe. Rangi unayoiona ni ya spora, kwa hiyo inakuambia umri wa doa sawa na inavyokuambia aina yake. Andika rangi, andika siku, usiandike jina la Kilatini kwa kutazama tu. Ukungu wa kijani peke yake una jamaa wengi, na wataalamu wenyewe hutumia hadubini.

Doa jekundu la majimaji, kama tone la damu, halina manyoya kwa sababu si ukungu. Mwaka 1819 huko Legnaro, karibu na Padova nchini Italia, polenta za watu ziligeuka nyekundu na kijiji kikaingiwa na hofu ya mambo ya kishetani. Polenta ni ugali wa mahindi, tofauti ni jina na mboga. Mfamasia Bartolomeo Bizio alichukua ugali mweupe, akaufanya uwe mwekundu kwa kuuambukiza makusudi na kuuweka penye joto na unyevu, akaonyesha kwamba ni kiumbe hai kinachoota. Leo kinaitwa Serratia marcescens, bakteria. Likitokea kwenye chupa yako lipige picha, liandike, na usilihesabu pamoja na ukungu.

Sisimizi, nzi, panya

Kifuniko kilikuwa kimelegea. Chupa ziweke kwenye sinia lenye maji kidogo, sisimizi hawatavuka. Funza ndani ya chupa wanamaanisha nzi alitaga kabla hujafunga, katika ile nusu saa ya mezani. Mara nyingine tandaza chandarua juu ya slesi.

Namba hazitaki kuchoreka

"Mwingi", "kiasi" na "mdogo" si vipimo. Chukua plastiki ngumu angavu ya kufunikia ripoti, uichore miraba ya sentimita moja kwa kalamu ya wino usiofutika, uishike mbele ya kioo na uhesabu miraba ambayo nusu yake au zaidi ina ukungu. Slesi ya sentimita 10 kwa 10 ina miraba 100, kwa hiyo asilimia inajitokeza bila hesabu. Chupa ya duara hupinda picha; laza slesi chini na uitazame kupitia kitako, au tumia kopo angavu lenye pande bapa. Mtu mmoja ahesabu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu "nusu" ya Asha si "nusu" ya Juma. Piga picha kwa simu kutoka umbali ule ule, rula ikionekana.

Mstari wa grafu utalala siku za mwanzo, utapanda ghafla, kisha utalala tena slesi inapojaa. Ukiwa umenyooka tangu siku ya kwanza, mtu amejaza namba usiku wa kuamkia maonyesho, na majaji wanaijua sura hiyo.

Baada ya jaribio

Usitumie mahindi wala karanga kwa jaribio la darasani, hata kama unavyo bure. Aspergillus flavus, ukungu wa manjano-kijani unaovipenda, hutengeneza sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue na kuua 125. Mkate unatosha kufundishia.

Wala usiwape kuku masalia, jambo ambalo kwenye nyumba zetu hufanyika bila hata kufikiri. Sumukuvu yenyewe iligunduliwa kupitia ndege: mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Ng'ombe na mbuzi nao usiwape, kwa sababu sehemu ya sumu hiyo hupita kwenye maziwa.

Chupa za glasi zinazohitajika tena zipeleke nje, mahali penye upepo unaokwenda mbali nawe, uvae barakoa. Fungua kifuniko kidogo, mimina dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji hadi slesi izame, funga, acha hadi kesho yake. Usichanganye klorini na siki wala ndimu. Slesi za siki na za ndimu zizamishe kwenye maji ya sabuni badala yake, kwa sababu klorini ikikutana na uchachu huo hutoa gesi ya sumu. Kisha mwaga chooni au fukia shimoni, osha chupa, chemsha. Kopo la plastiki ambalo halina kazi tena lifunge kwa selotepu na ulitupe zima bila kulifungua.